Kisa, Fidla na Umeme: Albamu ya "Liege & Lief" Ilivyopangwa

Wimbo wa "Matty Groves" una beti nyingi, lahani moja na hauna kiitikio. Mke wa bwana mkubwa anamchukua kijana kutoka kanisani, mume anawafumania, watu wanauawa. Bendi ya Fairport Convention ya Uingereza ilikiimba kisa hiki kwa dakika 8, na msikilizaji hachoki. Kwa nini?

Kwanza, mwimbaji Sandy Denny haigizi. Anayaimba mauaji kwa utulivu uleule aliotumia kueleza watu walivyokwenda kusali, na kazi ya kupandisha joto anawaachia wapigaji. Magitaa yanazidi ukali kila mambo yanapoharibika ndani ya kisa, lakini hayapandi juu ya maneno. Kisha, kisa kikishazikwa pamoja na wahusika wake, bendi inafungua mlango mwingine: fidla ya Dave Swarbrick na gitaa la solo la Richard Thompson vinaanza kupokezana kwa kasi. Hapo ndipo vyombo vinaposema yale ambayo mwimbaji aliyazuia. Kisa kilikuwa kikifahamika Uingereza tangu mapema karne ya 17. Lahani waliyoitumia ni ya wimbo wa Kimarekani, "Shady Grove". Ndoa hiyo ilifanywa kwa sikio zuri sana.

Albamu yenye wimbo huu ilitoka Desemba 1969 kwa lebo ya Island. Mwezi Mei mwaka huohuo gari la bendi lilipata ajali kwenye barabara kuu ya M1, na mpiga drams Martin Lamble akafa akiwa na miaka 19. Waliosalia walihamia kwenye nyumba moja huko Farley Chamberlayne, Hampshire, wakafanya mazoezi. Mpiga besi, Ashley Hutchings, alichimbua nyimbo katika hazina ya nyimbo za kale ya Cecil Sharp House, London. Joe Boyd alikuwa mtayarishaji, John Wood fundi mitambo.

Nafasi ya Lamble ilichukuliwa na Dave Mattacks, aliyetoka kwenye bendi za kumbi za dansi, na kazi aliyopewa ilikuwa ngumu kuliko zote. Nyimbo nyingi za kale za Kiingereza ziliimbwa na mtu mmoja bila chombo, akiuvuta mstari au kuukata kama pumzi ilivyomtuma. Drams za kawaida zingeuponda uhuru huo. Katika "Reynardine" Mattacks anaacha kuhesabu, anatikisa matoazi tu chini ya sauti ya Denny. Katika "Tam Lin" anafanya kinyume: yeye, besi na gitaa wanapiga pigo zito kwa pamoja, wanaacha pengo, na maneno yanapita humo. Ukiondoa drams kwenye wimbo huu, kisa chote cha msichana anayemng'ang'ania mpenzi wake aliyetekwa na malkia wa mizuka kinapoteza mifupa.

Si kila kitu kimefikia kiwango hicho. "Come All Ye", wimbo mpya uliowekwa mwanzoni, unaitangaza kazi badala ya kuifanya. Afadhali utunzi mwingine wa bendi: "Farewell, Farewell", ambao Thompson aliuvalisha lahani ya kale ya "Willie O'Winsbury", na "Crazy Man Michael", maneno yake Thompson, lahani ya Swarbrick. Asiyeambiwa angedhani zote mbili ni za karne zilizopita.

Mwaka 2006 wasikilizaji wa BBC Radio 2 waliichagua albamu hii kuwa yenye ushawishi mkubwa kuliko zote katika muziki wa asili. Lakini kikosi kilichoirekodi kilivunjika kabla mwaka 1969 haujaisha. Denny aliondoka. Hutchings naye aliondoka, akaanzisha bendi ya Steeleye Span ili akae karibu zaidi na nyimbo za kale. Na alipoingia studio kurekodi albamu ya kwanza ya bendi hiyo, mmoja wa wapiga drams aliowaita alikuwa Mattacks.