Kikuba cha Usiku Mmoja

Mdanzi unapochanua nyuma ya jiko, hapa Mgogoni kisiwani Pemba, harufu yake huwafuata watu mpaka msikitini, na aliyepata kusafiri hustaajabu kwamba hakuna anayelichuma ua lile. Kwani huko Tunisia ua hilohilo hukenekwa kwa mvuke, yakapatikana maji ya kutilia vitamu, na mafuta ya thamani waitayo neroli, ambayo kilo yake moja hudai takriban kilo 1,000 za maua. Sisi twalingojea liwe danzi, maji yake makali yaingie katika mchuzi wa samaki. (Mti wenyewe, kwa hakika, hupukutisha maua yake mengi bila kutuomba ruhusa.)

Wala si kwamba Pemba hatuijui kazi ya kukeneka: makonyo ya karafuu hutolewa mafuta kiwandani karibu na Chake Chake. Lakini ustadi ninaoutukuza mimi hauna moto wala chupa, nao ni ule wa kutunga kikuba, kile kishada cha maua avaacho bi harusi nyweleni. Mtungaji huchuma asumini baada ya alasiri, lingali limefumba, kwani lililokwisha kufunguka limekwisha kutoa nusu ya siri yake. Hulitia uzini pamoja na rehani, kilua, na pengine jani la ua la langilangi, lile ambalo jirani zetu wa Visiwa vya Komoro hulikeneka kwa ajili ya watengenezaji manukato wa Ufaransa. Na baada ya isha, bi harusi akiwa amekwisha kukaa, asumini hufunguka lenyewe nyweleni mwake, kana kwamba lilikuwa limeambiwa saa.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakutia kilua zaidi ya kimoja. "Mjukuu wangu," alikuwa akinambia, "kilua ni mgeni mwenye sauti, ukiwaalika wawili, hayatasikika mazungumzo ya wengine." Naona maneno yale yana elimu yote ya fani hii, nami sijakutana na muuza manukato aliyeyasema vizuri zaidi.

Asubuhi asumini huwa limegeuka rangi ya chai. Bibi hakukitupa kikuba: alikilaza kashani, baina ya kanga mbili, na hata leo nikizikunjua kanga zile hunijia harufu hafifu, si ya asumini wala ya rehani, bali ya yule mgeni mwenye sauti, aliyebaki peke yake barazani.