Vitunguu Makashani: Masika, Baridi na Mche

Mkulima wa vitunguu katika nyanda za juu za kaskazini ya Tanzania, kuanzia Karatu hadi Mbulu, hukabiliwa kila mwaka na mashaka ya wakati. Kwani kitunguu maji hutaka kukomaa kiangazi, hewa ikiwa kavu na shingo yake ikinyauka bila ya ukungu, ilhali mche wake, usiokuwa tayari kabla ya wiki 6 hadi 8, sharti uoteshwe masika yangali yakimwaga maji, na mvua nzito huzifukua mbegu kitaluni, huzisomba, na zile zisalimikazo huzizamisha topeni. Dawa iliyotumika katika bustani moja ya Mbulu, ambayo nimeifuatilia kwa makini, ilikuwa kuziotesha mbegu mwezi wa Aprili ndani ya makasha ya mbao, chini ya upenu wa nyumba. Nataka kueleza kwa nini jambo hilo lilifaa, na kwa nini kitunguu saumu kilihitaji utaratibu wake mbali.

Makasha yalikuwa na kina cha sentimita 10, yakatobolewa matundu chini na kuinuliwa juu ya matofali ili maji yapate njia ya kutokea. Aghalabu watu hudhani kwamba siri ya kasha ni rutuba, wakajaza samadi mbichi hadi pomoni. Hasha, mche mchanga wa kitunguu hula kidogo sana, na adui yake mkubwa ni unyevu uliotuama, ambao huleta kinyausi, maradhi yanayoozesha shina usawa wa udongo hata miche ya safu nzima ikalala kwa usiku mmoja. Kwa hiyo ulichanganywa udongo sehemu mbili, mboji iliyooza barabara sehemu moja, na mchanga sehemu moja. Mbegu zilikuwa za msimu uliotangulia, maana mbegu ya kitunguu hupoteza uhai upesi kuliko mbegu nyingi za mboga, na iliyokaa ghalani miaka miwili haiaminiki. Zikatiwa katika vifereji vya sentimita 1, safu na safu zikiachana sentimita 5, kisha zikafunikwa kwa nyasi kavu, nazo nyasi zikaondolewa mara miche ilipoanza kuchomoza, imejikunja kama goti.

Aina iliyochaguliwa ilikuwa Red Creole, nayo ni ya siku fupi, yaani hufanya tunguu mchana ukiwa wa saa 12 hivi, kama ulivyo kwetu mwaka mzima. Mbegu za Ulaya ya kaskazini, zinazongoja mchana wa saa 14 au zaidi, zingetoa majani tu, hata makasha yangetunzwa vipi.

Jambo lililonivutia zaidi ni baridi. Kila jani la kitunguu huishia chini katika ganda moja la tunguu, hivyo mtu hutamani kuuacha mche kashani uongeze majani na unene, akidhani kwamba anajiwekea akiba. Lakini mche uliokwisha kuwa mnene, ukikutana na wiki kadhaa za baridi kali, huihesabu baridi hiyo kuwa ishara ya kuzaa, ukatoa bua la ua badala ya kunenepesha tunguu. Nayo Juni na Julai za Mbulu zina baridi ya kutosha kuleta hasara hiyo. Mche mwembamba, wenye unene usiozidi kalamu ya risasi, hupita katika baridi ile ile bila ya kuichukua ishara. Basi fadhila ya kasha ni kumpa mkulima mamlaka juu ya umri na unene wa mche. Na akiupitisha wakati wake, kasha hilo hilo humtayarishia maua asiyoyataka.

Kitunguu saumu kinaihitaji baridi ambayo kitunguu maji kinene huiogopa. Hupandwa kwa punje, na punje isiyopata wiki kadhaa za baridi, hasa baina ya nyuzi 5 na 10, yamkini itazaa tunguu moja la mviringo lisilogawanyika. Kwa sababu hiyo, kukiotesha katika makopo karibu na jiko, kama nilivyoona wengine wakifanya kwa huruma, ni kukinyima kitu cha lazima. Bustani ile ilitumia makopo kwa sababu moja tu: udongo wake ni mfinyanzi, na mwezi wa Mei ulikuwa bado umelowa kiasi cha kuozesha punje. Kila punje ilipewa kopo lake, kitako chini na ncha juu, makopo yakaachwa nje yapate ubaridi wa usiku yakiwa yamekingwa mvua tu, na baada ya wiki 3 au 4 mche ukahamishwa na bonge lake zima la udongo. Lau shamba lingekuwa na udongo mwepesi usiotuamisha maji, ningeshauri punje zitiwe moja kwa moja ardhini, bila ya taabu ya makopo.

Miche ya vitunguu maji haikutaka uangalifu wa bonge, kwani kitako chake hutoa mizizi mipya upesi. Kwa siku 10 za mwisho ilipunguziwa maji na kuzoeshwa jua. Mwanzoni mwa Juni ikang'olewa jioni, ikapandwa sentimita 10 kati ya mche na mche na 15 kati ya safu, kitako kikifunikwa tu bila ya kuzikwa, kisha ikamwagiliwa papo hapo. Wako wanaokata ncha za majani wakati huo. Mimi sioni haja, maadamu maji yapo na jua limeshuka. Iliyokuwa imenenepa kupita kalamu ilitengwa na kupelekwa jikoni ikiwa vitunguu vya majani.