Gerezani kwa Miguu: Ziara Tamu Kuliko Zote za Mjini

Nimeitembea Gerezani na Kariakoo kwa miguu, kuanzia treni ya asubuhi mpaka jua linazama, na hata sasa ninapoandika damu inanichemka. Jamani! Miaka yote hii tunakwenda Kariakoo kama watu waliotumwa dukani: unashuka, unauliza bei, unanunua, unafunga mzigo, unaondoka mbio kabla foleni haijakaza. Kumbe tumekuwa tukikanyaga ziara tamu kuliko zote za mjini Tanzania, isiyo na kiingilio, isiyotaka gari wala dereva. Nasema tamu kuliko zote na sirudi nyuma.

Watu huweka akiba kwa miaka ili wafike Amsterdam, watembee kutwa kando ya mifereji ya karne ya 17, ile ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010, wakitazama nyumba za wafanyabiashara waliokwisha kufa zamani. Na waende, ni mji mzuri. Ila Gerezani nako kuna maji, ule mkono wa bahari unaopenya kutoka bandarini. Kuna nyumba za watu walioitengeneza nchi hii. Na biashara yake haijafa hata kidogo, iko hai, inakupiga kikumbo begani.

Anzia stesheni ya SGR. Hapo ndipo penye upya wenyewe. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma, na tangu hapo mtu wa bara anashushwa mlangoni kabisa pa Gerezani. Hakuna kuhangaika na daladala, hakuna kuulizana njia. Toka nje, vuka, kisha geuka ulitazame jengo: vioo vyake vimekatwa pembepembe kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti, na jua la asubuhi likivipiga, vinawaka! Hatua chache tu kutoka hapo iko stesheni kongwe ya Reli ya Kati, reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Reli mbili, karne mbili, na unazitazama zote bila kutoa jasho. Ziara haijaanza, na tayari umeshapata cha kusimulia.

Usikimbilie madukani. Ingia kwanza kwa mafundi bati wa Gerezani. Utawasikia kabla hujawaona, nyundo juu ya chuma, nyundo juu ya chuma, na kila fundi na mapigo yake. Nilisimama kwa mzee mmoja aliyekuwa anakunja pembe ya tranka, lile sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni. Fuawe yake ni kipande cha reli kuukuu kilicholazwa juu ya gogo. Hapimi kwa futi. Anapima kwa shubiri, anatia alama kwa msumari, anakata kwa mkasi mzito wa bati, halafu anaikunja pembe kwa mapigo madogo madogo, anazungusha, anapiga tena, mpaka mkunjo unakaa sawa na huwezi kupitisha hata ukucha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka la shule au la safari?"

Nikamwambia natazama tu. Hakukasirika. Akasogeza kigoda kwa mguu, akasema karibu, akaendelea na kazi. Pembeni yake majiko ya mkaa yamepangwa kwa saizi, na karai, na mabomba ya kumwagilia bustani, vyote vimetokana na chuma kilichokwisha kutupwa na mtu mwingine. Ningeweza kukaa hapo mpaka adhuhuri, na ninamwambia kila atakayekwenda: tenga muda wa hapa, usipite tu ukipiga picha.

Kutoka kwa mafundi, ingia mitaani. Hapa ndipo moyo wangu ulipodunda kweli. Mitaa ya Gerezani na Kariakoo imenyooka na kukatana, rahisi kuifuata hata kwa mgeni, na katikati ya maghorofa bado zimebaki nyumba chache za Kiswahili za asili: baraza mbele, ukumbi unaonyooka katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma. Katika nyumba za namna hii ndimo siasa ya Tanganyika ilimolelewa. Tafuta Mtaa wa Kleist Sykes, ambao wazee bado wanauita Kipata. Kleist Sykes alikuwa katibu wa African Association ilipoanzishwa mwaka 1929, Cecil Matola akiwa rais wake. Wanawe Abdulwahid na Ally wakaja kuwa miongoni mwa waasisi 17 wa chama cha TANU, Julai 7, 1954. Mtu akitaka kuijua familia hii kwa kina, kitabu cha Mohamed Said cha mwaka 1998 kuhusu Abdulwahid Sykes kipo, na mimi sasa nakisoma upya kwa macho mengine kabisa, kwa sababu mitaa inayotajwa mle nimeikanyaga kwa viatu vyangu.

Na Bibi Titi Mohamed! Mwanamke wa mitaa hii hii, aliyezaliwa 1926, akajulikana kwanza kwa kuimba katika kikundi cha ngoma, kisha akajiunga na TANU na kuwaingiza wanawake kwa maelfu. Ukiwa kwenye gari unaliona jina lake kwenye kibao cha barabara tu. Ukiwa kwa miguu unaona jinsi mlango ulivyokuwa karibu na mlango, baraza na baraza, na unaelewa kwa nini neno lilisambaa haraka vile. Ngoma ikipigwa huku, kule wanasikia.

Soko Kuu sasa. Hapa nilisimama nikakodoa macho. Chukua dakika tano, tafuta ukuta wa kuegemea ili makuli wapite na mikokoteni yao, kisha inua uso utazame paa. Ni kazi ya Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yake mwenyewe ya usanifu wa majengo, mwaka 1969. Miavuli mikubwa ya zege, imepinduliwa, imepanuka juu na kukusanyika chini kwenye nguzo, kila mmoja ukiupa mwenzake bega. Kivuli kinaingia, upepo unapita, maji ya mvua yanateremkia katikati. Soko lilifunguliwa mwaka 1975, na chini yake kuna ghorofa ya ardhini ambayo kila mfanyabiashara wa Dar anaijua kwa jina la Shimoni. Usiku wa Julai 10, 2021 moto uliliteketeza vibaya. Likakarabatiwa, na kando yake likapandishwa jengo jipya la ghorofa. Jengo jipya ni kubwa, ni la kazi, sina ubaya nalo. Lakini miavuli ya Amuli ndiyo inayonifanya niwaambie wanafunzi wa usanifu wa nchi hii: kabla ya kwenda kokote, njooni hapa.

Tena uwanja wenyewe una mambo. Wajerumani walijenga hapo ukumbi mkubwa muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, mahali hapa pakageuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, wale waliobebeshwa risasi na chakula mamia ya maili porini, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Baadaye pakawa soko. Miaka ya 1950 msimamizi wa soko hilo akawa Abdulwahid Sykes, yule yule wa Mtaa wa Kipata. Iweke hiyo akilini, tutaihitaji mbele ya safari.

Mtaa wa Congo sitausimulia sana. Nguo, viatu, mabegi, makelele, utajionea. Aggrey ni simu. Msimbazi kuna jengo la Simba, na shabiki wa Yanga akitaka haki yake, Jangwani si mbali. Kula hapa hapa: supu ya mbuzi na chapati kama hujachelewa, la sivyo juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, mbele ya macho yako, baridi inayokufungua kifua. Jambo moja nalisema kwa uzito. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Anayetembea mitaa hii anaona nondo zinavyopanda juu ya nyumba za jana, na anapaswa kuuliza nani amekagua.

Kutoka sokoni, shika Mtaa wa Uhuru kuelekea mjini. Hii ndiyo njia ya kanga. Doti zimepangwa mpaka darini, muuzaji anazitupa juu ya kaunta moja baada ya nyingine zikifunguka hewani, na akina mama wanasoma majina kwa sauti, wanacheka, wanarudisha, wanasoma tena, maana kanga hainunuliwi kwa rangi peke yake. Msikilize mama mmoja anavyochagua jina la kumpelekea wifi yake na utakuwa umeona ufundi mkubwa wa lugha yetu, bure, umesimama.

Mbele unakutana na Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, zilipokuwa ofisi za African Association na TANU ikazaliwa. Ng'ambo yake ni Mnazi Mmoja. Uwanja huu Waingereza waliuacha wazi makusudi, upande huu wakae Waafrika, upande ule Wahindi. Leo unaukatiza kwa hatua zako, unapita mnara wa Mwenge wa Uhuru, na hakuna wa kukuuliza. Keti kidogo. Muuza kahawa atapita akigongesha vikombe, dele lake juu ya makaa, kashata kwenye kopo. Kahawa chungu, kashata tamu, kivuli cha mti. Sijui hoteli yoyote inayoweza kukupa kitu kizuri kuliko hicho kwa saa ile.

Halafu Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji, na Barabara ya Samora mpaka Sanamu ya Askari. Na hapa ndipo ziara yote iliponifunga koo. Askari huyu wa shaba, kazi ya James Alexander Stevenson, amesimama hapa tangu 1927, singe yake ikielekea bandarini. Maandishi ya chini yake yanawakumbuka askari Waafrika na pia wapagazi, maana yake watu wa kambi ile ile uliyotoka kuikanyaga sokoni! Na kabla yake, mahali hapa palikuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, iliyowekwa 1909 na kung'olewa Waingereza walipoingia. Wissmann ndiye aliyeleta askari wa kukodi kutoka Msumbiji kuja kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, mwaka 1889, na mmoja wao alikuwa Sykes Mbuwane, baba yake Kleist. Umeona? Babu aliletwa na jeshi la Wissmann, mtoto akawa katibu wa chama cha Waafrika, mjukuu akawa mwasisi wa TANU na msimamizi wa soko juu ya kambi ya wapagazi. Kutoka Kipata mpaka Askari ni mwendo wa miguu usiochosha. Nilisoma mambo haya vitabuni kwa miaka, lakini kuunganika kwake nilikuona siku nilipotembea.

Malizia Barabara ya Sokoine. Kanisa la Mtakatifu Joseph, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, linatazama bandari. Karibu yake Boma la Kale, mawe ya matumbawe na milango ya kuchonga, lililojengwa mwaka 1866 na 1867 wakati wa Sultani Majid bin Said, na ndani yake sasa kuna DARCH, kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam. Ingia. Michoro na picha za mji zitakuonyesha mitaa yote uliyotoka kuipita ilivyokua, na utajikuta unaweka kidole kwenye ramani ukisema hapa nilikunywa kahawa, hapa nilisimama na fundi.

Ninachokidai, na nitaendelea kukidai, ni vibao. Katika nyumba na kona nyingi nilizozitaja sikuona kibao kinachomwambia mpita njia nini kilitokea hapo. Kibao cha shaba, mistari minne ya Kiswahili safi, basi. Watoto wa shule za Gerezani na Kariakoo wangezungushwa mtaani kwao kwa asubuhi moja na kuijua historia kwa miguu yao.

Kama unataka kuiona Kariakoo ikiwaka, nenda Jumamosi. Kama unataka kuona nyumba zenyewe, vizingiti, mabaraza na paa la Amuli bila watu kukusukuma, nenda Jumapili, maduka mengi yakiwa yamefungwa. Mwenye siku moja tu achague Jumamosi, avae viatu vya kufunga, simu aiweke mfuko wa mbele, na awafikie mafundi bati kabla ya saa tatu.