Kuloweka si Kuvundika: Uhakiki wa Lugha ya Mapishi ya Nyumbani

Tangu sheria ya mwaka 1967 ilipounda Baraza la Kiswahili la Taifa, istilahi nyingi zimesanifiwa kwa ajili ya ofisi, mahakama, shule na viwanda. Jiko limepewa nafasi ndogo. Sababu yake inaeleweka: ilidhaniwa kwamba jiko halihitaji kutungiwa maneno, kwa kuwa lina maneno yake tangu zamani. Dhana hiyo ni ya kweli, lakini imezaa uzembe. Maneno yapo, ila wanaoandika juu ya mapishi hawayatumii. Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki Kiswahili cha vipeperushi na vijitabu vya mapishi na lishe, hasa vile vilivyofasiriwa, na kuonyesha kwamba kosa la istilahi jikoni laweza kumdhuru mlaji kuliko kosa la istilahi ofisini.

Hatutataja kijitabu chochote kwa jina. Makosa tutakayoyaeleza yameenea mno kiasi kwamba kumnyooshea kidole mwandishi mmoja kungekuwa ni kumwonea.

Kwa nini Mtabila

Ili kuipima lugha ya mapishi, yafaa tuchague mahali ambapo lugha hiyo ililazimika kufanya kazi kweli kweli. Tumechagua nyanda za juu za Kigoma, katika Kasulu na Kibondo, na hasa Mtabila. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, iliwahifadhi wakimbizi wa Burundi waliovuka mpaka kufuatia machafuko yaliyoanza Oktoba 1993, na ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Siku hizi eneo hilo lina kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa, ambamo vijana wa mikoa mbalimbali hupikiwa katika sufuria moja.

Katika kambi za nyanda hizo mgawo wa chakula ulikuwa zaidi ni unga wa mahindi, maharagwe au jamii nyingine ya kunde, mafuta na chumvi. Lakini chakula kilichokuwa moyoni mwa watu, Warundi na Waha wenyeji wao, kilikuwa na mengine: ugali wa muhogo, maharagwe yaliyoungwa kwa mawese, kisamvu ambacho Warundi hukiita isombe, na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, hivyo jirani na jirani walielewana bila mkalimani. Aliyehitaji Kiswahili ni mtumishi aliyetoka mbali, aliyekuja na maagizo ya afya, ya lishe na ya kuhifadhi kuni. Katika hali ya namna hiyo kitenzi kimoja cha kipeperushi hupita lugha mbili au tatu kabla hakijafika kwenye mafiga. Kikiondoka ofisini kikiwa kimepinda, hakuna wa kukinyoosha njiani.

Kitenzi kimoja, kazi tatu

Tuanze na kitenzi "kuloweka", kwa kuwa ndicho kinachobebeshwa mzigo usio wake.

Maharagwe hulowekwa. Mpishi huyatia majini jioni, na asubuhi huyachemsha. Shabaha ni kuyalainisha ili yaive upesi na kuni zisitumike nyingi. Agizo hili ni jema, na mahali penye uhaba wa kuni lina thamani kubwa. Muhimu hapa ni kwamba maharagwe yakikosa kulowekwa hayamdhuru mtu, mradi yachemshwe barabara mpaka yaive. Kuloweka ni kusaidia moto.

Muhogo mchungu ni jambo jingine. Muhogo huo una kemikali ambayo, muhogo unapoharibiwa au kuliwa, hutoa sumu ya sayanidi. Wakulima wetu waliijua sumu hiyo kwa matokeo yake kabla ya maabara kuipa jina, na waliipatia dawa: muhogo humenywa, hutiwa majini kwa muda wa siku tatu hadi tano mpaka ulainike na kutoa harufu, kisha huanikwa, hutwangwa na kuchekechwa. Wengine huurundika na kuufunika mpaka ushike ukungu, ndipo huukwangua na kuuanika. Kazi hii jina lake ni "kuvundika". Warundi wana chakula wakiitacho ikivunde, kinachotokana na muhogo uliolainishwa majini kwa njia hiyo hiyo, na msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba shina la neno hilo si geni kwake. Kuvundika ndiko kunakoondoa sehemu kubwa ya sumu.

Sasa mfasiri anapokuta katika lugha ya kigeni neno lenye maana ya kutia kitu majini, huandika "loweka" kwa maharagwe, na ukurasa unaofuata huandika tena "loweka" kwa muhogo. Katika ukurasa wa kwanza ametaja usiku mmoja. Katika wa pili mara nyingine hutaja siku, na mara nyingine huziacha kwa kudhani kwamba msomaji anajua. Mama mwenye uzoefu atajua. Lakini binti aliyekulia penye unga wa mgawo, ambaye hajapata kumwona bibi yake akivundika, atafuata neno kama alivyolizoea: atauloweka muhogo usiku mmoja kama alivyoyaloweka maharagwe. Atakuwa ametii maandishi, na sumu itabaki chunguni.

Hatusemi haya kwa kutia chumvi. Upo ugonjwa uitwao konzo, ulioelezwa na waganga mwaka 1938 katika sehemu ya Kwango ya Kongo, ambao hupooza miguu ghafla na hauponi. Huwapata hasa watoto na wanawake wanaoishi kwa muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha, na ambao hawapati protini ya kufaa. Nchini kwetu uliripotiwa Tarime mwaka 1985, katika wakati wa ukame, watu walipofupisha kazi ya kuvundika kwa sababu ya njaa. Njaa hufupisha siku za muhogo majini, na hakuna mwandishi awezaye kuizuia. Lakini si haki neno letu nalo lisaidie kuzifupisha.

Iko na kazi ya tatu. Wataalamu wa sayansi wamefundisha njia ya kupunguza sumu iliyobaki katika unga wenyewe: unga hutiwa maji kidogo, hukandwa, kisha hutandazwa kwa unene mdogo kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo husongwa ugali siku hiyo hiyo. Hapa napo tukiandika "loweka unga", mpishi atatengeneza uji. Neno linalofaa ni "kulowanisha". Kwa hiyo basi, tuna vitenzi vitatu kwa kazi tatu: kuloweka ili kulainisha, kuvundika ili kuondoa sumu na kuleta ladha, na kulowanisha ili unga upate unyevu tu. Lugha imekwisha kutupa vyote vitatu. Ni sisi tunaotumia kimoja.

Yuko atakayesema kwamba "kuvundika" kunanuka, kwa kuwa kumetokana na kuvunda. Tunamjibu kwamba tofauti baina ya kuvunda na kuvundika ni tofauti baina ya bahati mbaya na kusudi. Kitu huvunda chenyewe, bali mtu huvundika akiwa na hesabu ya siku kichwani. Vivyo hivyo uji uliochacha bila kutakiwa humwagwa, na togwa iliyochachuliwa hunywewa.

Moto na vipimo

Kasoro ya pili ni ya moto. Vijitabu vingi humwagiza mpishi awashe joko mpaka nyuzi 180, au apunguze moto uwe wa wastani, kana kwamba kila jiko lina kitasa cha kuzungushwa. Mwenye mafiga hapunguzi moto hivyo. Huondoa kuni, hufukia makaa kwa jivu, au huepua chungu. Akitaka joto la juu na la chini, hupalia makaa juu ya mfuniko. Maneno "kuchochea", "kupalia", "kuinjika" na "kuepua" yanamweleza mpishi afanye nini kwa mikono yake. "Joto la wastani" linampa mtihani.

Kadhalika vitenzi vya kupikia vimepunguzwa hadi viwili, "chemsha" na "kaanga". Ndizi na mihogo vikipikwa kwa maji na chumvi tu, bila mafuta wala nazi, vinapwazwa. Mchuzi huungwa. Samaki hubanikwa juu ya makaa. Uji hukorogwa na ugali husongwa, na asiyetofautisha viwili hivi hajapata kushika mwiko. Mfasiri aandikapo "chemsha unga na maji huku ukikoroga mpaka uwe mzito", ametumia maneno tisa mahali ambapo "songa ugali" lingetosha.

Kuhusu vipimo, gramu zina faida zake katika mgawo wa ghalani na hatuzikatai. Nyumbani, hata hivyo, watu hupima kwa kikombe, kopo na kijiko, na wazee bado wanakumbuka kibaba na pishi ya vibaba vinne. Kijitabu chema huandika gramu na kikombe bega kwa bega.

Funzo kutoka Korea

Wafasiri wa leo hawaletewi mapishi ya Ulaya pekee. Vyakula vya Korea vinazidi kujulikana duniani, na mapishi yake ya nyumbani hufika mikononi mwa wafasiri wetu. Yafaa tuyatazame, kwa kuwa Wakorea wamelilinda jiko lao kwa istilahi kuliko sisi.

Kwanza, majina mengi ya vyakula vyao hubeba mwishoni namna ya kupika. Chenye "gui" kimechomwa au kubanikwa. Chenye "bokkeum" kimekaangwa kwa kugeuzwageuzwa. Chenye "jorim" kimepikwa mpaka mchuzi wake wenye viungo ukapungua na kushikana nacho. Chenye "muchim" kimechanganywa na viungo, aghalabu kwa mkono. Asomaye jina tayari amesoma nusu ya mapishi. Mfasiri anayeandika "kaanga" kwa vyote amewanyang'anya wasomaji nusu hiyo. Sisi nasi tuna desturi hiyo: muhogo wa kuchoma, maharagwe ya kuunga, ndizi za kupwaza. Mlango wa tafsiri uko wazi.

Pili, iko habari ya kimchi. Kabichi ya Kichina hutiwa chumvi, huoshwa, hupakwa pilipili, vitunguu saumu, tangawizi na mara nyingi dagaa au kamba waliochachuliwa kwa chumvi, kisha huwekwa chomboni ichachuke. Tume ya kimataifa ya viwango vya chakula iliiwekea kiwango mwaka 2001. Desturi ya kuitayarisha iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2013 kwa Korea Kusini na mwaka 2015 kwa Korea Kaskazini. Hata hivyo mwongozo wa Wizara ya Utamaduni ya Korea Kusini wa mwaka 2020 ulikubali neno hilo lifasiriwe kwa Kichina kuwa "paocai", ambalo ni jina la mboga za Wachina zinazochachuliwa katika maji ya chumvi. Malalamiko yakawa makubwa, na Julai 2021 wizara ikabadili mwongozo na kuweka neno jipya, "xinqi". Hoja ya wananchi ilikuwa nyepesi kueleweka: kazi ni tofauti, basi na jina liwe tofauti.

Tumeona kwa Kiswahili kimchi ikiitwa kachumbari ya kabichi. Hilo ni kosa la aina ile ile. Kachumbari hukatwa na kuliwa papo hapo, haina siku. Achari ingekaribia, lakini achari ina siki au ndimu, na uchachu wake hutiwa kutoka nje. Uchachu wa kimchi huzaliwa ndani. Maoni yetu ni kwamba jina "kimchi" lichukuliwe kama lilivyo, na maelezo yake yawe "kabichi ya kuchachuliwa kwa chumvi na pilipili". Silabi ya kwanza isimtishe mwalimu: lugha iliyokifanya kitabu kizae vitabu itajiamulia yenyewe ngeli ya kimchi.

Mapendekezo

Wako watumishi watakaosema kwamba wingi wa vitenzi utawachanganya wasomaji wenye elimu ndogo. Kwa maoni yetu mambo ni kinyume. Wenye elimu ndogo ya darasani ndio wenye vitenzi hivyo. Wanaochanganyikiwa ni wale waliojifunza kupika kutoka katika karatasi, na hao ndio karatasi inapaswa kuwafundisha. Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo:

1. "Kuloweka" kutumike kwa kulainisha tu. "Kuvundika majini" na "kuvundika kwa lundo" kutumike kwa muhogo. Na "kulowanisha" kutumike kwa unga.

2. Agizo lolote la kuvundika litaje siku pamoja na dalili ya kukamilika, yaani muhogo uwe laini ukibonyezwa.

3. Tafsiri ya mapishi isomwe kwa sauti mbele ya mpishi kabla ya kuchapwa, kama vile mswada wa sheria usomwavyo mbele ya mwanasheria.

4. Walimu wa Kiswahili walio Kasulu, Kibondo na kwingineko wawatume wanafunzi kukusanya vitenzi vya jikoni kwa bibi zao, kila kitenzi kikiandikwa pamoja na chakula chake, chombo chake na muda wake.

Pendekezo la nne ndilo la haraka kuliko yote. Kamusi yaweza kungoja toleo jingine, lakini bibi ajuaye siku za kuvundika hangoji.