Mwisho Unaotangulia: Tanzia na Ujuzi wa Mtazamaji katika Filamu ya Lumumba

Wapo watazamaji wanaoikwepa filamu ya kihistoria kwa hoja kwamba mwisho wake wanaujua: shujaa atauawa, na hakuna la kungojea ila huzuni. Hoja hiyo inachukulia kuwa taharuki ndiyo roho ya usimulizi. Fasihi ya Kiswahili haikujengwa juu ya msingi huo. Waliokusanyika kusikiliza utenzi wa Fumo Liyongo ukighaniwa walijua tangu mwanzo kwamba atachomwa sindano ya shaba kitovuni, na kwamba mkono utakaomchoma ni wa mwanawe. Ebrahim Hussein naye, alipochapisha Kinjeketile mwaka 1969, aliwaandikia watu waliokwishajua kuwa maji hayakuzuia risasi. Kwa hiyo aliuhamisha mgogoro, akauweka ndani ya nafsi ya mtu ambaye neno lake limemtoka na halirudi tena.

Filamu ya Raoul Peck, Lumumba (2000), inalipeleka suala hili mbali zaidi, kwani ndani yake mwisho ndio unaotangulia. Kabla hatujamwona Patrice Lumumba, anayeigizwa na Eriq Ebouaney, akiuza bia mjini Léopoldville, tumekwishaona Wabelgiji wakiiteketeza maiti yake usiku ili isipatikane. Sehemu kubwa ya filamu ni mbinu rejeshi. Athari yake ni kwamba hotuba ya tarehe 30 Juni 1960, iliyotolewa mbele ya Mfalme Baudouin, hatuisikilizi kama walivyoisikiliza waliokuwa ukumbini. Wao walisikia mwanzo wa dola. Sisi tunahesabu muda uliosalia hadi tarehe 17 Januari 1961, usioifikia hata miezi saba.

Faida ya mpangilio huo inadhihirika zaidi katika onyesho la mto Sankuru. Mwishoni mwa Novemba 1960 Lumumba alitoroka Léopoldville akielekea Stanleyville, kwenye ngome ya wafuasi wake. Amekwisha kuvuka, mkewe Pauline na mtoto wao wamebaki ng'ambo, na wanajeshi wanawafikia. Anarudi. Asiyeijua historia atauliza iwapo watanusurika. Anayeijua hana haja ya swali hilo, na macho yake yanabaki huru kumtazama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa salama akipima kwamba hawezi kubaki pale. Taharuki ipo bado, ila imeliacha tukio na kuhamia kwenye uamuzi. Sijui onyesho jingine katika filamu hii linalostahili kutazamwa mara mbili kuliko hili.

Kasoro iko kwingine. Peck anampa marehemu sauti: Lumumba anasimulia kutoka upande wa pili wa kifo, akisema na mkewe. Kinaya cha kidrama hudai pengo baina ya anachokijua mtazamaji na anachokijua mhusika, na sauti hiyo inaliziba pengo. Kila inaposikika, mwanasiasa aliyebahatisha, aliyeghadhibika na aliyewaamini watu wasioaminika anageuka nabii. (Filamu ya hali halisi ambayo Peck aliitengeneza kabla ya hii ilikuwa imekwisha kumwita nabii katika anwani yake.) Kinjeketile wa Hussein ana shaka, na shaka hiyo inamweka miongoni mwa walio hai hata pale tunapojua atanyongwa. Lumumba wa sauti ile hana shaka yoyote, amekwisha kufa.

Jambo hili si la ufundi peke yake. Kifo kikionyeshwa kama kudra, waliokipanga wanapunguziwa lawama. Kasavubu alitangaza kumwondoa Lumumba katika uwaziri mkuu tarehe 5 Septemba 1960. Siku chache baadaye Mobutu akatwaa madaraka. Na ndege iliyomfikisha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, pamoja na Mpolo na Okito, iliruka kwa idhini ya watu wenye majina na vyeo. Kila mmoja wao angeweza kutenda vingine. Maonyesho ya filamu yanalionyesha hilo vizuri, kikao kwa kikao. Sauti ya msimulizi ndiyo inayolififisha.

Aidha, anayesusia filamu hii kwa kuwa anaujua mwisho hana budi kuulizwa ni mwisho upi. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, tume ya bunge la Ubelgiji ilikuwa haijatoa hitimisho lake la mwaka 2001, kwamba baadhi ya mawaziri wa serikali ya Ubelgiji walikuwa na wajibu wa kimaadili katika mauaji hayo. Na jino moja, mabaki pekee ya maiti ambayo Peck anaionyesha ikiteketezwa, lilikabidhiwa kwa familia yake jijini Brussels mwezi Juni 2022, miaka 22 baada ya filamu.