Vidole Gumba vya Chicago

Gene Siskel aliandikia Chicago Tribune, Roger Ebert akaandikia Chicago Sun-Times: wahakiki wa filamu, mahasimu wa mji mmoja. Mwaka 1975 runinga ikawaweka pamoja, na hapo wakabishana kwelikweli, wakikatizana maneno. Baadaye hukumu yao ikawa kidole gumba, juu au chini. Nawavulia kofia hasa kwa kutovidharau vichekesho. Ebert aliisifu kwa kiasi tu filamu ya kuchekesha Groundhog Day ya 1993, ambamo Bill Murray ni mtangazaji wa hali ya hewa anayeamkia siku ileile kila asubuhi. Mwaka 2005 akaiandikia upya, akakiri kwamba hakuipa haki yake. Mhakiki kujisahihisha hadharani! Siskel alifariki 1999, Ebert 2013. Pengo lao halijazibwa.