Bwawa Dogo Lipimwe kwa Nyumba Zilizo Chini Yake

Tukitaja bwawa siku hizi, wengi wetu akili zinakwenda Rufiji, kwenye ukuta wa zege wa mita 131 wa Bwawa la Julius Nyerere. Ukuta kama ule una wahandisi wake usiku na mchana. Tuta la udongo la mita tano, alilolisukuma mtu kwa katapila ili apate mahali pa kufuga sato na wageni wapate mahali pa kukaa Jumapili, halina mlinzi wa namna hiyo, na mara nyingi halina hata mchoro. Kwa mabonde yetu ya Kasulu, ambako vijito ni vingi na nyumba zinazidi kushuka kuelekea maji, tuta la aina hii la pili ndilo la kuzungumza.

Bwawa linaloeleza jambo hili vizuri kuliko yote ninayoyajua liko mbali. Linaitwa Kelly Barnes, katika jimbo la Georgia, Marekani. Lilikatika tarehe 6 Novemba 1977, saa saba na nusu usiku. Chini yake palikuwa na maporomoko ya Toccoa, na chini ya maporomoko palikuwa na chuo cha Biblia pamoja na makazi ya wanafunzi wenye familia. Watu 39 walikufa. Wakati huo bwawa halikuwa na kazi yoyote ya uzalishaji. Mitambo ya umeme iliyokuwa ikilitegemea ilisimamishwa mwaka 1957, na tangu hapo likabaki ziwa la kupumzikia.

Tuta lile lilikua kwa viraka. Mwaka 1899 lilikuwa kizuizi cha magogo na mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wenye chuo wakakifunika kwa udongo, na baadaye wakaliinua tena. Upande wake wa nje ulikuwa umesimama mno: karibu mita moja ya kwenda mbele kwa kila mita moja ya kupanda. Fundi wa matuta akisikia hivyo anashtuka, kwani kwa kawaida upande wa nje hupewa mita mbili au mbili na nusu, na upande unaoguswa na maji hupewa tatu, ili udongo uliolowa usiteleze. Juu ya mteremko huo miti ilikuwa imeota. Mwaka 1973 kipande chake kiliwahi kuporomoka. Kisha, kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1977, ikanyesha mvua ya takriban sentimita 18.

Bodi ya uchunguzi ya serikali haikupata sababu moja ya kuinyooshea kidole. Maelezo iliyoyaona kuwa ya karibu zaidi na ukweli ni kwamba mteremko wa nje, uliokwisha kulowa, uliteleza sehemu moja huku maji yakila udongo kwa ndani. Kilele kikapata pengo, maji yakapita hapo na kulipanua, tuta likaisha. Kuteleza kwa mteremko si njia ya kawaida ya tuta kufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales waliopitia ajali za mabwawa makubwa ya udongo duniani na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000 waliona kwamba karibu nusu zilitokana na maji kupanda juu ya tuta, karibu nusu nyingine na maji kupenya ndani yake, na kuteleza kulichangia sehemu ndogo tu. Lakini Kelly Barnes lilikuwa na kuteleza na kupenya kwa pamoja.

Sasa tulipe bwawa hilo daraja la hatari, kana kwamba fomu ya kuombea kibali iko mezani. Lilikuwa na maji ya kina cha mita 11 na ushei, na usiku ule lilibeba kama mita za ujazo 777,000. Kwa kipimo cha Tume ya Kimataifa ya Mabwawa Makubwa, bwawa kubwa ni lenye urefu wa mita 15 au zaidi, au lenye mita 5 hadi 15 likibeba zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Kelly Barnes halimo. Kwa kanuni za maji za Kenya za 2007, ambazo zilipanga mabwawa katika madaraja A, B na C kwa kufuata kina, ujazo na eneo linalokusanya maji, lingeingia daraja B, la hatari ya kati. Watu 39, hatari ya kati! Namba za fomu hazina kosa. Kasoro ni kwamba fomu inauliza habari za bwawa na haiulizi habari za bonde.

Kuna hesabu nyingine ambayo ningependa kila mwenye bwawa aifanye. Mhandisi David Froehlich alitoa mwaka 1995 kanuni ya kukadiria mkondo mkubwa kabisa utakaotoka tuta likikatika: chukua ujazo wa maji katika mita za ujazo, uupe kipeo cha 0.295, chukua kina katika mita, ukipe kipeo cha 1.24, zidisha hivyo viwili, kisha zidisha kwa 0.607. Ukiingiza namba za Kelly Barnes unapata kama mita za ujazo 670 kwa sekunde, na waliopima alama za mafuriko walikadiria 680. Ukaribu huo usitushangaze sana, maana bwawa hilo ni mojawapo ya yale yaliyotumika kuitunga kanuni yenyewe.

Ingiza sasa bwawa la kwetu la kufikirika: hekta moja ya maji, wastani wa kina mita mbili, na mita nne na nusu karibu na tuta. Ujazo ni mita za ujazo 20,000. Jibu ni takriban mita za ujazo 70 kwa sekunde, yaani tani 70 za maji zikipita kila sekunde katika kijito ambacho mtoto wa shule hukivuka kwa kuruka. Bwawa lote linamalizika kwa dakika chache. Kwa kanuni zile za Kenya hili ni daraja A, la chini kabisa. Kama bondeni kuna mihogo tu, daraja hilo linalistahili. Kama kuna nyumba mita mia tatu chini yake, halilistahili.

Hao hao Wakenya wamelipa gharama ya somo hili. Tarehe 9 Mei 2018, jioni, Bwawa la Patel huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilikatika katika msimu wa mvua kubwa na kuua watu wapatao 48. Lilikuwa tuta la udongo katika shamba la kahawa, na wenye mamlaka ya maji walisema halikuwa na kibali. Kwetu Tanzania, Novemba 2022, tuta la tope la mgodi wa Mwadui huko Kishapu lilipasuka na tope likafunika nyumba na mashamba. Lile ni bwawa la taka za mgodi na lina sheria zake, ila swali la nani anaishi chini ni lile lile.

Georgia ilijibu kwa sheria ya mwaka 1978, na jibu lao nalipenda kwa sababu ni jepesi. Bwawa lenye urefu wa futi 25, kama mita saba na nusu, au lenye ujazo unaozidi mita za ujazo 123,000 hivi, huwekwa katika kundi la kwanza ikiwa kukatika kwake kunaweza kuua mtu. Yaliyobaki ni kundi la pili. Hayo ya kundi la pili hayaachwi: bonde la kila moja hutazamwa tena angalau kila miaka mitano kuona kama kuna aliyejenga. Bwawa linaweza kupanda daraja bila kuongezwa hata toroli moja la udongo, kwa kuwa tu jirani ameezeka.

Daraja la hatari halisemi kama tuta ni zima. Tuta zuri juu ya kijiji lina hatari kubwa na hali nzuri. Tuta bovu porini lina hatari ndogo na hali mbaya. Marekani huandika vitu hivi viwili katika safu mbili tofauti, na ilijifunza kwa uchungu. Baada ya Toccoa, Rais Jimmy Carter, mwenyeji wa Georgia, aliagiza ukaguzi wa mabwawa yasiyo ya serikali kuu yaliyo juu ya makazi. Zaidi ya 8,000 yalikaguliwa hadi mwaka 1981, na karibu theluthi yalionekana si salama.

Bwawa la burudani lina ugonjwa wake hapa. Mkulima wa umwagiliaji huyatumia maji, yakashuka, tuta likapumua. Mwenye bustani ya mapumziko anataka yajae mwaka mzima, kwa hiyo mvua zetu za Novemba hadi Aprili hazina pa kukaa isipokuwa kupita kwenye utoro, ile njia ya kumwagia maji yaliyozidi. Na utoro ndio anaouziba kwa wavu ili samaki wasitoroke. Majani yakinasa, wavu unakuwa ukuta. Ongeza mchwa, ambao udongo wetu mwekundu unawafaa sana na ambao hutoboa tuta bila kuonekana, na miti ya kivuli iliyopandwa kileleni. Mti ukifa, mizizi ikioza huacha mirija.

Kukagua hali hakuhitaji mashine. Baada ya mvua tembea chini ya tuta. Majimaji safi yasiyoongezeka yaandike na uendelee kuyatazama. Yakitoka na tope, udongo wa ndani unaliwa: teremsha maji siku hiyo hiyo na uwaarifu walio chini. Nyufa zinazofuata urefu wa kilele, au tumbo lililojitokeza upande wa nje, ni dalili kwamba mteremko unajiandaa kuteleza.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 inataka kibali kabla ya kukinga maji, na kwa Kasulu mlango wa kubisha ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, Kigoma mjini. Mwenye bwawa, nenda nacho kiambatisho ambacho fomu huenda isikuombe: orodha ya nyumba, madarasa na vivuko vilivyoko kilomita mbili chini ya tuta lako, iliyogongwa mhuri na mtendaji wa kijiji. Na mtendaji, usimgawie mtu kiwanja chini ya bwawa kabla mwenye bwawa hajaambiwa, maana kuanzia siku hiyo bwawa lake limebadilika daraja.